Mapipa mawili ya chumvi

Babu hula mkono wa kushoto ukiwa umeizunguka sahani. Ndivyo nilivyomkuta siku yangu ya kwanza, miaka sita iliyopita. Kijiko kinakwenda mbio na kurudi mbio, chakula kinamezwa kabla hakijatafunwa, na macho hayatulii, yanamfuata yeyote aliyesimama karibu. Akimaliza anachukua kipande cha mkate anakitia mfukoni. Usiku nikikusanya nguo za kufua huukuta mkate ule umekauka, na siutupi mbele yake.

Namwita Babu kwa sababu jina lake si langu kulitangaza, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili hapa Staten Island, New York. Ni nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa kawaida. Jirani mmoja ana mbwa, mwingine hupanda nyanya kila kiangazi. Wakazi wetu ni wanne. Mimi mzaliwa wa Tanga, Ngamiani, nilikuja huku kumfuata mume wangu, na kazi hii ndiyo iliyosomesha watoto wetu.

Wiki za mwanzo nilidhani Babu ana njaa, nikawa namwongezea chakula. Akazidi kwenda mbio. Ndipo mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Kiliberia aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, akanivuta pembeni ya jokofu akaniambia, "Huyu alikulia Willowbrook." Akarudi kuosha vyombo, kana kwamba neno hilo limeshamaliza maelezo. Kwangu mimi Willowbrook lilikuwa jina la mahali ninapopita kwa basi.

Nilianza kusoma usiku uleule, na sijaacha.

Willowbrook iliitwa shule. Ilikuwa ya serikali ya jimbo la New York, na madaktari waliwashauri wazazi wenye watoto wa ulemavu wa akili wawapeleke huko wakiwa bado wadogo kabisa. Ilijengwa kwa watu 4,000. Kufikia 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Mwaka huo seneta Robert Kennedy aliitembelea, akatoka akasema alichokiona ni shimo la nyoka. Nchi ikasikia. Jimbo likaahidi marekebisho, magazeti yakahamia kwenye habari nyingine, watoto wakabaki palepale walipokuwa. Naomba msomaji wangu alishike hili: seneta, tena mwenye jina la Kennedy, alisema hadharani, na haikutosha.

Miaka ikapita, jimbo likabana matumizi na kusimamisha kuajiri, wahudumu wakazidi kupungua. Mwishoni mwa 1971 mwandishi wa gazeti la hapahapa kisiwani, Staten Island Advance, mwanamke aitwaye Jane Kurtin, aliandika mfululizo wa habari juu ya hali ya humo ndani. Watu wakisimulia Willowbrook huanza na kamera ya televisheni, na jina la Kurtin hupotea njiani. Mimi naona yeye ndiye aliyelima shamba. Daktari kijana wa pale, Michael Wilkins, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Elizabeth Lee, walikuwa wakiwatia moyo wazazi waungane kudai haki za watoto wao. Mwanzoni mwa Januari 1972 wote wawili walifukuzwa kazi.

Walimfukuza Wilkins, wakasahau kumnyang'anya ufunguo.

Ulikuwa ufunguo wa jengo namba 6. Wilkins akampigia simu mwandishi kijana wa kituo cha televisheni cha WABC aliyefahamiana naye, Geraldo Rivera. Wakaenda na mpiga kamera. Hawakuomba kibali kwa mtu, walifungua mlango wakaingia.

Picha zile zipo hadi leo na nimezitazama mara moja tu. Watoto wako uchi au nusu uchi sakafuni, chumba kina giza, wengine wamejipaka uchafu wao wenyewe, na wahudumu ni wachache mno kwa kundi lile. Sauti iliyojaa chumbani si kilio, si maneno. Rivera aliwaambia watazamaji kwamba anaweza kuwaonyesha na kuwasikilizisha, lakini harufu ya mahali pale hana njia ya kuwafikishia.

Kuna mahali anamuuliza Wilkins kuhusu chakula. Wilkins anajibu kwamba kila mtoto hulishwa kwa muda wa dakika 2 au 3 hivi, kwa sababu walishaji ni wachache na vinywa ni vingi. Rivera anauliza matokeo yake ni nini. Wilkins anajibu: kifo, kwa nimonia. Mtoto asiyeweza kutafuna vizuri akisukumiwa uji kwa haraka, uji huingia kwenye mapafu. Sisi wahudumu hufundishwa jambo hilo wiki ya kwanza kabisa, tunaambiwa mkalishe mtu wima, mpe kidogo, subiri ameze, mpe tena. Nilizima simu. Nilikwenda kukaa jikoni, nikamuona Babu na kijiko chake, nikaelewa kwamba yule mzee hakuwahi kuwa na njaa mezani kwangu. Alikuwa anawahi dakika zake tatu.

Mwingine aliyehojiwa na Rivera ni Bernard Carabello. Aliingizwa Willowbrook akiwa na miaka 3 kwa sababu alizaliwa na mtindio wa ubongo na madaktari wakadhani hana akili. Akili yake ilikuwa timamu siku zote. Alikaa humo miaka 18. Alipotoka aliifanya kazi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu kuwa maisha yake. Miaka 18 ndani ya ukuta, mtu anayeelewa kila kinachosemwa juu yake mbele yake.

Safari hii haikuishia kwenye mshtuko. Machi 1972 wazazi walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, na 1975 yakatiwa saini makubaliano yanayosimamiwa na mahakama: Willowbrook ipunguzwe hadi watu 250, na wanaotoka wapewe makazi kwenye mitaa, kati ya watu. Haikuwa rahisi. Mitaa mingi ilipinga nyumba hizo zisijengwe kwao, na 1980 bunge la jimbo lilikataa kuendelea kulipia jopo lililokuwa likifuatilia utekelezaji. Mwaka huohuo, lakini, serikali ya shirikisho ilipata sheria inayoiruhusu kuyashtaki majimbo yanayowatendea vibaya watu waliofungiwa katika taasisi zake. Willowbrook ilifungwa 1987. Leo kwenye viwanja vile kipo chuo, College of Staten Island, na wanafunzi hupita na vikombe vya kahawa mahali watoto wale walipolala.

Nyumba ninayofanyia kazi ipo kwa sababu ya makubaliano yale. Chumba cha Babu chenye dirisha na kufuli analolifunga mwenyewe kipo kwa sababu hiyo. Mshahara wangu pia. Ndiyo maana siwezi kuandika habari hii kama mtu anayesimulia ya watu wa mbali.

Binti yangu wa mwisho aliposikia nazungumza haya mezani alisema, "Mama, kabla ya huyo wako wa televisheni kulikuwa na mwanamke." Walimsoma shuleni. Nilichukua siku yangu ya mapumziko tukaenda wote wawili, feri hadi Manhattan, treni, kisha kile kigari kinachoning'inia kwenye nyaya juu ya mto hadi Roosevelt Island. Zamani kiliitwa kisiwa cha Blackwell. Upande wa kaskazini limesimama jengo la pembe nane, la mawe, ambalo lilikuwa lango la hospitali ya wagonjwa wa akili ya jiji tangu 1839. Sasa ni makazi ya kupangisha.

Mwanamke huyo, Nellie Bly, alikuwa na miaka 23. Jina lake la kuzaliwa ni Elizabeth Cochran, mtu wa Pennsylvania, na alikuja New York 1887 kutafuta kazi kwenye magazeti ambayo hayakutaka wanawake isipokuwa kwa habari za mavazi na mapishi. Gazeti la New York World la Joseph Pulitzer likampa jaribio: aingie hospitali ile kama mgonjwa. Alifanya mazoezi mbele ya kioo, akapanga chumba katika nyumba ya kulala wanawake, akakesha bila kulala hadi wenzake wakaogopa. Polisi, hakimu, madaktari wa hospitali ya Bellevue, wote wakathibitisha kwamba ni mwendawazimu. Alipovuka mto tu akaacha kuigiza. Akawa anazungumza na kutenda kama kawaida yake, na kadiri alivyozungumza kwa busara ndivyo walivyozidi kumwona mgonjwa.

Alimwagiwa ndoo za maji ya barafu kichwani, katika beseni ambalo wanawake wengine walishaogea. Alivishwa gauni lenye maandishi makubwa meusi ya hospitali, kisiwa na ukumbi: ukumbi namba 6. Niliposoma namba hiyo nilishtuka, nikakumbuka ufunguo wa Wilkins. Wanawake walikalishwa kwenye mabenchi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, bila kitabu, bila ruhusa ya kuongea wala kusogea. Bly aliandika kwamba mwanamke mzima, akikalishwa hivyo miezi miwili, lazima aharibikiwe akili.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyezungumza Kijerumani tu. Alifungiwa bila kupewa nafasi ya kueleweka. Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Nilipofika nchi hii Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na nakumbuka siku nimekaa kliniki nikiitikia kila swali kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, sijui naulizwa nini. Nilikuwa na bahati kwamba maswali yale yalikuwa ya presha na mzio. Yule Mjerumani aliulizwa mengine, au hakuulizwa kabisa.

Bly alikaa siku 10, wakili wa gazeti akaja kumtoa. Habari zake zilichapishwa Oktoba 1887, na jopo la raia waliochaguliwa na mahakama kuchunguza likamwomba aende nalo kisiwani. Ziara ilitakiwa iwe ya siri. Mjumbe mmoja wa jopo baadaye alimwambia Bly kwamba hospitali ilipata taarifa saa moja kabla hawajafika.

Saa moja ilitosha. Bly aliikuta hospitali nyingine. Nyumba safi, vitanda vizuri. Alipokuwa mgonjwa walikula chakula kisicho na chumvi kabisa, mkate mweusi usioiva vizuri. Sasa jikoni, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima apaone, yalisimama mapipa mawili ya chumvi. Mkate uliowekwa kuonyeshwa ulikuwa mweupe.

Mapipa yale nimeyaota. Nayajua. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa katika nyumba ya wazee ambayo sitaitaja. Siku moja kabla ya wakaguzi kabati lililofungwa mwaka mzima lilifunguliwa, zikatoka taulo nene, mashuka, foronya zenye mikunjo ya dukani. Zamu iliyokuwa na watu watatu ikawa na saba. Bibi mmoja, hakuona vizuri tena, aliishika foronya yake, akaipapasa, akaniuliza, "Leo wanakuja nani?" Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na wazee wale walipona kwa siku mbili, kisha kabati likafungwa. Wakaguzi waliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema kiko sawa. Nilikuwa na kibali kipya cha kazi na watoto wawili, nikanyamaza, na foronya ile nimeibeba hadi leo.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba jopo, pamoja na mapipa yale kuwekwa, lilimwamini Bly, moyo wangu hujaa. Lilipendekeza yaleyale aliyoyapendekeza, na kwa maelezo yake jiji likatenga dola 1,000,000 zaidi ya ilivyokuwa kawaida kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Lakini 1887 hadi 1972 ni miaka 85. Jiji ni lilelile. Kutoka kisiwa cha Blackwell hadi Willowbrook unafika kwa nauli moja ya treni, feri na basi. Jamii ilishtuka, ikatoa fedha, ikalala, na wengine wakafungiwa upya chini ya jina la shule.

Siamini kwamba ukweli ukiandikwa vizuri hujifanyia kazi wenyewe. Ida B. Wells, mwandishi mweusi wa Memphis, aliandika ukweli mkubwa kuliko wote. Machi 1892 marafiki zake watatu, wanaume weusi wenye duka la vyakula Memphis, waliuawa na kundi la wazungu. Wells alichunguza mauaji ya namna hiyo moja baada ya jingine, kwa majina na tarehe, akaonyesha kwamba tuhuma za ubakaji zilikuwa kisingizio. Ofisi ya gazeti lake ilivunjwa akiwa safarini, na hakuweza kurudi kuishi Memphis. Sheria ya shirikisho ya kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la jinai la aina yake ilitiwa saini Machi 2022. Miaka 130. Upton Sinclair naye aliandika riwaya kuhusu wafanyakazi wa machinjio ya Chicago, na sheria za 1906 zilizofuata zikasafisha nyama. Wasomaji waliogopa walichokuwa wanakila. Nina rafiki wa Kikongo anayekata nyama kiwandani Iowa. Tukiongea kwa simu huniambia vidole vyake asubuhi havikunji.

Ninachokiona mimi, baada ya kusoma yote haya kwa macho ya mtu wa zamu, ni kwamba mwandishi alifanikiwa pale alipopata mtu wa ndani, na pale wasomaji walipokuwa na jamaa zao humo, na pale mtu fulani alipoipeleka habari mahakamani ikabaki huko miaka mingi baada ya kamera kuondoka. Willowbrook ilikuwa na yote matatu. Alikuwepo daktari mwenye ufunguo. Walikuwepo wazazi. Palikuwa na mahakama iliyokataa kusahau. Kennedy alikuwa na sauti tu.

Ncha ya kaskazini ya Roosevelt Island, karibu na mnara wa taa, tangu Desemba 2021 kuna nyuso za wanawake za shaba, kubwa kuliko mtu, zimesimama kwa mstari. Wa Bly una rangi ya fedha. Mbele yake kuna mipira mikubwa inayong'aa kama kioo, ukiikaribia unajiona umepindika. Binti yangu alipiga picha. Mimi nilishika moja ya nyuso zile shavuni, ilikuwa ya baridi sana, ilikuwa Novemba.

Wiki hiyo shangazi yangu alinipigia kutoka Tanga. Huwa haelewi kazi yangu, nami huwa sielezi sana. Safari hii nilimweleza kuhusu Babu, mkono unaozunguka sahani, mkate mfukoni.

"Kwa hiyo mwanangu unalipwa kumlisha mzee wa watu?"

"Ndiyo, shangazi. Na kumsubiri amalize."

Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akataja jina ambalo sikulisikia tangu nikiwa darasa la nne, la mtoto wa mjomba wetu aliyekuwa na mtindio wa ubongo. Wageni wakija alikuwa akiingizwa chumba cha uani na mlango unarudishwa. Nilikuwa nampelekea sahani. Nilikuwa naiweka chini naondoka kwenda kucheza. Shangazi akasema, "Yule alikuwa anapenda embe sindano." Sikulijua hilo.

Mwaka jana, Jumapili asubuhi, kengele ya nyumba yetu ililia. Mkaguzi wa jimbo, peke yake, bila taarifa. Nilikuwa na aproni. Nilimfungulia. Aliingia jikoni, akafungua jokofu, akasoma daftari la zamu, akaketi na Babu mezani. Mwishoni akaniuliza kama kuna jambo. Nikamwambia lipo: zamu ya usiku tumebaki mtu mmoja tangu mwezi uliopita, na wakazi wawili hawawezi kutoka kitandani bila kusaidiwa moto ukitokea. Nilisema huku mikono inatetemeka. Aliandika. Wiki tatu baadaye tukawa wawili usiku.

Babu bado anazungusha mkono. Mimi huvuta kiti nikakaa upande wake wa kulia, na sahani yangu mwenyewe, nikala polepole anione. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine hapana. Jana ilikuwa wali na samaki, na nilimkatia embe. Nililazimika kuandika kwenye daftari la zamu, kama kila siku, amekula nini na kwa muda gani. Niliandika: amemaliza chote, dakika 22.